Kutoka Maskati kwenda kuona samaki: Sharjah, Dubai au Abu Dhabi?

Idi ikikaribia, au skuli zikifungwa, makundi ya simu ya familia zetu hapa Maskati huanza na swali lilelile: watoto safari hii tuwapeleke wapi ng'ambo ya mpaka? Siku hizi jibu la watoto wenyewe ni samaki. Wameshaona video ya papa anayepita juu ya vichwa vya watu, basi nyumba haina utulivu tena mpaka gari liwashwe.

Taabu ni kwamba Falme za Kiarabu, yaani Imarati, zina akwariamu nyingi, na kila moja inajisifu kwa namna yake. Kwa familia inayokwenda kwa gari kutoka Oman, naona zinazostahili kuwekwa mizanini ni nne: ya Sharjah, ile ya Dubai Mall, ya Taifa ya Abu Dhabi, na SeaWorld ya kisiwa cha Yas. Msimamo wangu nautoa mapema, asiyekubali apinge huku akisoma. Mwenye bibi na watoto wadogo garini aende Sharjah. Mwenye watoto wakubwa kidogo, wa maswali yasiyokwisha, aende ya Taifa. SeaWorld ni ya mwenye siku nzima na mfuko mzito. Na tangi la Dubai Mall litazamwe bure, kwa nje.

Kama haja yenu ni samaki tu, hata mpaka hamna sababu ya kuuvuka: Oman Aquarium iko hapahapa Mabela, ndani ya Mall of Muscat. Lakini tusidanganyane, likizo haikuwa ya samaki peke yao tangu mwanzo. Nusu ya raha ya mtoto ni kuambiwa kwamba sasa tumeingia nchi nyengine.

Lango kwanza, samaki baadaye

Watu wengi huchagua akwariamu, kisha ndipo waulizie njia. Mimi nashauri kinyume chake, kwa sababu lango utakalopita ndilo litakaloamua mtoto atafika akiwa mchangamfu au analia.

Hadi Sohar njia ni moja. Barabara kuu mpya ya Batina, iliyokamilika mwaka 2018, imetuondolea ile mizunguko ya kila kijiji. Baada ya Sohar ndipo penye kuchagua.

Njia ya kwanza ni ya Wajajah upande wetu na Hatta upande wao. Hiyo ndiyo ya Dubai, na kila mtu anaijua. Kutoka Maskati hadi Dubai ni kama kilomita 450, saa tano hivi kwa mwendo wa familia yenye vituo vya choo na chai. Ubaya wake ni hukohuko kujulikana: siku mbili za kuamkia Idi, foleni ya Wajajah inaweza kula muda mliokuwa mmeupanga kwa tangi zima la papa.

Ya pili ni Khatmat Malaha. Badala ya kukunja kuelekea milimani, unaendelea na pwani, unapita Shinas, unatokea Kalba. Kalba ni mali ya Sharjah, kwa hiyo ukishagongewa muhuri umeshaingia katika himaya ya Sharjah, ingawa mji wenyewe uko upande wa pili wa milima. Kutoka hapo barabara inapanda kupitia Wadi Al Helo, inapenya handaki, halafu inashuka kwenye mchanga mwekundu. Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri kuliko zote tatu. Mkiwa na nafasi, pandeni kidogo kaskazini ya Fujairah mkaone Madha, kipande cha Oman kilichozungukwa pande zote na Imarati, na katikati yake kijiji cha Nahwa ambacho tena ni cha Sharjah. Baba anayejidai kujua jiografia atapata mtihani wake hapo.

Ya tatu ni ya Buraimi. Ukifika Sohar unageuka bara, unafuata Wadi Jizi, unatokea Buraimi na Al Ain, halafu zimebaki kilomita kama 160 za tambarare hadi Abu Dhabi. Hapa pana jambo linalowachanganya wageni: kituo cha Oman kiko Wadi Jizi, mbali kabla ya mji wa Buraimi, na kituo cha Imarati kiko mbele. Usidhani kwamba kwa kuwa bado uko Oman hakuna cha kugonga. Simama Wadi Jizi mmalize shughuli za kutoka, msije mkarudishwa kutoka mbele.

Karatasi ni hizi. Raia wa Oman anapita kwa kitambulisho chake, ila hakikisheni kila mtoto ana chake au ana pasi. Mkaazi asiye raia wa nchi za Ghuba aombe viza ya Imarati mtandaoni kabla ya kuondoka, asingojee dirishani. Gari liwe na bima inayofanya kazi Imarati, ile kadi ya rangi ya chungwa. Na kama gari ni la kukodi, au limeandikwa jina la ami yako, chukua barua ya ruhusa. Familia nyingi hukwama kwa barua hii kuliko kwa jambo jengine lolote.

Lita milioni kumi si hoja kwa mtoto wa miaka minne

Sasa tuingie majini. Kwa ukubwa, mashindano yalikwisha zamani. Tangi la Dubai Mall, lililofunguliwa pamoja na jengo lenyewe Novemba 2008, linabeba lita milioni 10. Kioo chake cha mbele kina upana wa karibu mita 33 na kimo cha zaidi ya mita 8, na unene wa sentimita 75, na kwa muda kilishika rekodi ya dunia. Handaki la kupita chini yake lina mita 48. Halafu Mei 2023 ikaja SeaWorld ya Yas na tangi moja la lita milioni 25. Sharjah ukikusanya matangi yake yote, yapatayo 20, hupati hata lita milioni 2.

Mtu mzima akisoma hayo anaona Sharjah imeshashindwa. Lakini mtazame mtoto mdogo mbele ya kioo cha Dubai. Dakika mbili za kwanza ameshangaa, kisha anaanza kukimbizana na nduguye, kwa sababu samaki wako mbali na ni wengi mno, jicho halina pa kutua. Sharjah matangi ni madogo na mengi yako usawa wa macho yake. Mkunga anatoa kichwa kwenye mwamba hapo hapo, pua kwa pua. Mtoto anakwenda hatua nne, anakuta farasi-bahari. Hatua nne nyengine, papa wadogo wa miambani. Kila tangi linampa jambo moja la kutazama, na hilo linamtosha.

La Dubai lina fadhila moja kubwa isiyotangazwa sana: kioo kile kikubwa kinaonekana kutoka ndani ya jengo la maduka, bila tiketi. Unasimama, unatazama papa na taa na chewa wakubwa wakizunguka, mnapiga picha, mnakwenda zenu kununua kanzu. Tiketi inakupa handaki na sehemu ya juu yenye wanyama wengine, akiwemo mamba mkubwa kutoka Australia mwenye urefu wa mita 5 na uzito wa kilo 750. Kama ndani ya gari yuko mtoto anayependa mamba kuliko samaki, haya, lipa. Vyenginevyo sioni kinachozidi mara mbili yale uliyokwishayaona bure. Na kwa wenye wasiwasi: ndiyo, Februari 2010 tangi lile lilivuja kwenye kiungo cha kioo, maji yakatiririka dukani, sehemu ya jengo ikafungwa. Wapiga mbizi wakaziba, na tangi limekuwa likifanya kazi miaka yote iliyofuata.

Dubai iko nyengine, ya hoteli ya Atlantis kule Palm, iliyojengwa kama mji uliozama. Ni nzuri kwa macho, lakini nimeiacha nje ya mizani kwa sababu inafaa zaidi aliyelala hukohuko hotelini. Wenye kumbukumbu watakumbuka pia kwamba walipofungua mwaka 2008 walimweka tangini potwe (papa-nyangumi) mchanga aliyekamatwa katika Ghuba, watu wakapiga kelele kwa muda mrefu, na mwaka 2010 wakamwachia arudi baharini. Kwetu watu wa Mafia na Zanzibar, potwe ni mtu wa bahari kuu, na wengi wetu tulishukuru alipotoka.

Bibi ndiye mwongozaji

Sharjah ina hoja nyengine ambayo brosha haitakwambia. Akwariamu hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2008 pale Al Khan, iko chini ya Mamlaka ya Makumbusho ya Sharjah, na wao walijali zaidi viumbe wa bahari hizi zetu: Ghuba, bahari ya Oman, Bahari ya Hindi. Hakuna ngwini. Maana yake ni kwamba bibi aliyekulia Unguja au Pemba anaingia mle anawakuta jamaa zake. Huyu chewa, yule changu, huyu taa usimkanyage mkiani, huyu akipikwa na nazi ni hivi na hivi. Wajukuu waliozaliwa Maskati, ambao samaki wanaomjua ni yule wa kwenye sahani, wanamgeukia yeye badala ya kusoma vibao. Katika hizi nne, sijui mahali pengine ambapo mtu mzima wa familia anageuka kuwa mwenye elimu badala ya kuwa mzigo wa kutafutiwa kiti.

Jirani yake, kwa hatua chache, ipo Makumbusho ya Bahari ya Sharjah: majahazi, zana za wavuvi, habari za wapiga mbizi wa lulu. Familia ambayo babu zake walisafiri na kaskazi na kusi kati ya pwani hii na Zanzibar isiondoke bila kuingia. Zote mbili mnazimaliza asubuhi moja, bila kukimbia. Mji wenyewe hauuzi pombe hata hotelini, jambo ambalo kwa wazee wengi linamaliza mjadala.

Udhaifu wake? Mtoto wa miaka kumi na mbili atachoka baada ya saa moja. Huyo amezoea skrini, anataka kitu kikubwa, kitu cha kutisha. Huyo ni wa Abu Dhabi.

Abu Dhabi: mbili ndani ya mji mmoja

Akwariamu ya Taifa ilifunguliwa Novemba 2021 pale Al Qana, kando ya mfereji, karibu na Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed. Ina wanyama wapatao 46,000 wa aina zaidi ya 330, waliogawanywa katika sehemu kumi. Unaanza na viumbe wa Ghuba, unaingia Bahari ya Shamu kwenye meli iliyozama, unapita kwenye barafu, unatokea kwenye msitu uliofurika maji ambako wako hata chatu wa urefu wa mita zipatazo 7. Njia ni moja, inakupeleka mwanzo hadi mwisho, na hii ni neema kwa familia ya watu tisa: hapotei mtu, wala hakuna mabishano ya tuanzie wapi.

Kilichonivuta zaidi pale ni kasa. Akwariamu inashirikiana na Mamlaka ya Mazingira ya Abu Dhabi kuwatibu kasa wanaookotwa wagonjwa au wamejeruhiwa, kisha wanarudishwa baharini. Mtoto anayetoka Oman anatakiwa ajue kwamba kasa ni mgeni wa pwani yake mwenyewe, Ras al Jinz na visiwa vya Daymaniyat, na hapa anawaona wakiuguzwa. Maswali yatakayotoka hapo yatawafikisha salama hadi Al Ain.

SeaWorld ya Yas ni jambo jengine kabisa. Ni uwanja mzima wa burudani uliowekwa chini ya paa, wenye kiyoyozi mwanzo hadi mwisho, na wanyama wa baharini zaidi ya 100,000. Kuna ngwini, walrasi, simba-bahari, michezo ya kupanda, hata garimoshi la kupinduka. Lile tangi la lita milioni 25 lina dirisha ambalo hata mimi, niliyesema ukubwa si hoja, limenifanya nikae kimya. Watoto wadogo wametengewa sehemu yao ya kuchezea. Kwa Julai na Agosti, wakati nje hakukaliki, hakuna kinachoifikia.

Hawana nyangumi wauaji, tofauti na viwanja vya jina hilohilo kule Marekani, lakini pomboo wapo, na hapa kila familia iamue. Mimi simpendi pomboo wa bwawani, na kwetu ni rahisi kusema hivyo: ukiamka mapema ukapanda boti pale Bandar al Rowdha, una matumaini makubwa ya kuwaona makundi kwa makundi wakiruka nje ya Maskati. Kusafiri kilomita 500 kwenda kumtazama mmoja akipewa samaki mdomoni kwa filimbi, hapana.

Kati ya mbili hizi basi: ya Taifa inataka saa tatu na inakuachia alasiri ya kwenda msikitini, ambako kuingia ni bure ila mjiandikishe mtandaoni kabla. SeaWorld inataka siku nzima, la sivyo umetupa pesa. Kama mtoto wenu anapenda wanyama, ya Taifa. Kama anapenda michezo, na wanyama ni kitoweo tu, SeaWorld.

Mfuko na miguu

Bei hubadilika na ofa ni nyingi, kwa hiyo tazama tovuti siku unayokata. Mpangilio lakini haubadiliki: Sharjah ni bei ya makumbusho ya serikali, ya Taifa iko juu yake, SeaWorld iko kileleni, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho kwa mtu mzima mmoja ni zaidi ya mara kumi. Riyali moja ni dirham tisa na nusu, na kwa kuwa sarafu zote mbili zimefungwa kwenye dola, hesabu hiyo haitakuyumbisha. Familia ya watu sita, Sharjah wanalipa bila kufikiri. SeaWorld ni hesabu ya kukaa kitako na mke wako wiki mbili kabla. Ongeza chakula juu yake: viwanja vya Yas haviruhusu chakula cha nje, zile sambusa za shangazi zitabaki garini.

Kwa miguu ya wazee, Dubai ndiyo mbaya. Tangi lenyewe si shida. Shida ni jengo. Kutoka maegeshoni hadi kwenye kioo, au kutoka kituo cha treni kupitia lile daraja refu, bibi ameshachoka kabla hajaona samaki hata mmoja. Chukua kiti cha magurudumu mapema, usione haya. SeaWorld nako ni kutembea kutwa. Al Qana unaegesha na kuingia, Sharjah vilevile.

Siku ya kwenda

Wikiendi zetu hazilingani tena. Oman tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati tangu Januari 2022 wanapumzika Jumamosi na Jumapili, Ijumaa nusu siku, na Sharjah wanapumzika zote tatu. Ukiondoka Alkhamisi jioni, Ijumaa asubuhi ni siku ambayo Dubai na Abu Dhabi wengi wako kazini na skuli, foleni fupi, na hiyo ndiyo asubuhi ya kwenda ya Taifa. Sharjah usiende Ijumaa asubuhi: makumbusho yao kwa kawaida hufungua alasiri siku hiyo. Nenda Jumamosi, ila toka Sharjah kuelekea Dubai kabla ya jioni, maana barabara kati ya miji hiyo miwili ikishajaa, imejaa.

Madereva wetu waliozoea rada za Dubai wajue kwamba Abu Dhabi hakuna nyongeza. Tangu Agosti 2018, kibao kikisema 140, ukipita 141 umepigwa picha. Dubai kuna malango ya Salik, ya kulipia barabara, yanayomtaka hata mwenye namba ya Oman awe na kibandiko. Abu Dhabi kuna Darb, malipo ya namna hiyohiyo, kwenye madaraja ya kuingilia kisiwani. Ukienda Sharjah kwa kupitia Kalba, hukutani na Salik hata mara moja, na hiyo ni pointi nyengine kwa upande wangu. Mafuta jaza Shinas au Sohar kabla ya kuvuka. Bei ya Imarati hubadilishwa kila mwezi.

Ukiwa na wageni kutoka nyumbani

Wengi wetu likizo hizi tunazo na mgeni: wifi amekuja kutoka Dar, au mama mdogo kutoka Unguja. Kwake yeye safari ina mitego miwili. Kwanza anahitaji viza ya Imarati iliyokwisha kutoka kabla hamjaondoka Maskati. Pili, na hii ndiyo inayosahauliwa, tazameni viza yake ya Oman. Kama ni ya kuingia mara moja, akishatoka Wajajah imekwisha, na kurudi itabidi aombe upya. Ama mumwombee ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, ama siku hiyo mwende naye Mabela.

Asiye na gari pia ana njia. Mabasi ya Mwasalat yanakwenda Dubai, yanakwenda Abu Dhabi kwa kupitia Buraimi na Al Ain, na tangu 2024 ipo laini ya Sharjah inayopita Shinas. Mwenye watoto watatu na kigari cha kusukuma simshauri, kwa sababu mpakani mnateremka nyote na mizigo. Kijana na mkewe, au shangazi na mpwa mmoja mkubwa, wapande. Laini ya Sharjah inawafaa zaidi: mkiteremka, Al Khan ni mwendo wa teksi ndani ya mji.